Kuchagua Matairi

Motokaa ina mengi ya kupendeza macho, lakini mahali inapogusa ardhi ni pane tu. Ukiwauliza watu kumi wakusifie gari walipendalo, ewe msomaji kijana, tisa watakutajia nguvu za injini, wangavu wa rangi na jina la kiwanda. Pengine wa kumi atakutajia matairi, na huyo aghalabu amewahi kuendesha lori. Mimi nataka kukueleza habari za matairi, na hasa matairi ya pikapu ya kazi nzito, ibebayo mzigo mgongoni na kukokota mwingine nyuma yake. Gari la namna hiyo ndilo nililo nalo, na majuzi ilinipasa kulivika matairi mapya. Wengine huimaliza kazi hiyo kwa nusu saa. Mimi ilinichukua siku mbili.

Kwanza yakupasa kuijua nchi ambamo gari hilo hufanya kazi, maana tairi jema la Garissa si lazima liwe jema la Nyamira. Kisii na Nyamira ni nchi ya vilima vilivyosongamana. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kwenda Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti hizi mbili, nchi huzidi kuinuka hata ikakaribia mita 2,000. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, na kutoka Machi hadi Mei hunyesha kama iliyotumwa. Barabara za lami hupita juu ya migongo ya vilima, lakini watu hawakai juu ya lami. Hukaa mabondeni na mitelemkoni, migomba ya huyu ikigusana na chai ya yule, na njia ya kuwafikia ni ya udongo mwekundu, ambao kiangazi ni vumbi na masika ni sabuni.

Katika njia hizo pikapu yangu hukokota mashine ya kuchanganyia zege. Mtu ajengaye nyumba ya ghorofa, au shule iongezayo madarasa, huikodi kwa siku ya kumwaga zege, nasi hufika alfajiri. Mashine ina magurudumu mawili na uzito wa yapata kilo 900, nayo haina breki zake yenyewe. Mgongoni mwa pikapu huwamo mifuko ya saruji, matoroli, makoleo na mtungi wa dizeli. Ndani huketi dereva na vijana wawili wa kazi. Na njiani, saa kumi na mbili na nusu za asubuhi, nani hutembea kando ya barabara ile ile tunayoitelemka? Ni wewe, msomaji, pamoja na wenzako, mkiwa na mikoba migongoni, mkielekea shule. Huwa siwazi sana habari za gari langu mwenyewe ninapotafuta matairi, nawawaza ninyi.

Chukua kalamu, tufanye hesabu, maana jambo hili halina ushairi ila hesabu. Nililipeleka gari penye mzani nikapima ekseli ya nyuma peke yake, gari likiwa tupu: kilo 920. Mifuko 17 ya saruji, kila mmoja kilo 50, ni kilo 850. Vyombo na dizeli ni kilo 120. Kisha kuna mkono wa mashine, ambao haukokotwi tu bali pia hulalia ndoano ya gari. Huo hugandamiza kwa kilo 90, lakini kwa kuwa ndoano iko nyuma ya ekseli, mgandamizo wake juu ya ekseli huzidi, kama vile mtoto aketiye mwishoni mwa ubao wa pembea. Nimeuhesabu kuwa kilo 110. Jumla ni kilo 2,000, na kila tairi la nyuma huchukua kilo 1,000.

Sasa tairi likijazwa upepo wa ratili 65 kwa kila inchi ya mraba, ambao ni karibu kilopaskali 450, na likalaliwa na kilo 1,000, litaigusa ardhi kwa eneo la sentimeta za mraba 220 hivi. Eneo hilo halifiki hata ukurasa mmoja wa daftari lako dogo la mazoezi. Juu ya kurasa nne za namna hiyo, zisizotimia, hutegemea saruji, mashine, roho tatu za ndani na zote za kando ya njia. Breki haziwezi kulisimamisha gari kwa nguvu zaidi ya ile ambayo kurasa hizo huweza kuishika ardhi. Injini nayo haisaidii kitu mahali ambapo tairi halishiki.

Nikaenda dukani mjini Kisii pamoja na dereva wangu, mtu mzima aliyeendesha malori ya chai kabla hajaja kwangu. Kijana wa duka alitupokea kwa adabu, akatutolea matairi mapana ya fahari, yenye herufi nyeupe ubavuni.

"Mwalimu," akaniambia, "haya ndiyo wanayonunua watu siku hizi. Yatalipendezesha gari."

Dereva wangu akayazunguka mara moja, akasema, "Kijana wangu, gari letu haliendi harusini."

Nilicheka, lakini sikutaka kuyakataa kwa mzaha tu, maana kijana yule alikuwa na haki ya kujibiwa kwa hoja. Nikainama kusoma ubavu wa tairi. Nakusihi nawe ujifunze kuusoma, kwa sababu ni maandishi yasiyohitaji fundi. Lile pana liliandikwa 265/70R16, na mbele yake namba 112. Namba hiyo ya mwisho ni namba ya uzito. Si kilo 112. Ni namba ya kutafutia katika jedwali linalotumika dunia nzima, na katika jedwali hilo 112 maana yake ni kilo 1,120. Hapo kijana wa duka alitabasamu, kwa kuwa kilo 1,120 ni zaidi ya 1,000 zangu. Lakini tairi lile lilikuwa la jamii ya matairi ya magari ya abiria. Nchini Marekani kanuni hutaka tairi la jamii hiyo, likifungwa katika gari la mizigo, uzito wake ugawanywe kwa 1.10, kwa kuwa gari la mizigo hurushwa na kukandamizwa kuliko gari la familia. Gawanya: utapata kilo 1,018. Imebaki akiba ya kilo 18, ambayo haifiki nusu ya mfuko wa saruji. Na barabara zetu huinama upande, hivi kwamba gurudumu la upande wa chini hubeba zaidi ya mwenzake. Akiba ya kilo 18 huisha kabla hujafika Nyamira.

Tena, matairi mapana yangalitaka rimu pana, nami ningalinunua rimu pamoja na matairi kwa ajili ya kupata nguvu pungufu. Hapo kijana akakubali mwenyewe, akayarudisha mahali pake.

Akatuletea matairi ya pili, ya bei nafuu sana, yaliyokwisha kutumika ng'ambo. Meno yake yalikuwa marefu, na mtu mwenye haraka angeyaona kuwa karibu mapya. Nikatafuta ubavuni namba nne zilizo mwishoni mwa maandishi yaanzayo na herufi DOT. Zilisomeka 3114. Mbili za kwanza ni juma la mwaka, mbili za mwisho ni mwaka wenyewe: tairi lile liliumbwa katika juma la 31 la mwaka 2014. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala ghalani. Hewa na joto huukausha, na ukikauka hupasuka nyufa nyembamba, kwanza kati ya meno na katika mbavu, mahali mtu asipopatazama. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya kutimiza miaka mitano, na likitimiza kumi litupwe, meno yawe mafupi au marefu.

Nilipata kuona kwa macho yangu kazi ya tairi zee. Ilikuwa mwaka 2019, katika mtelemko wa upande huu wa Keroka, asubuhi yenye ukungu. Mbele yetu ilitangulia pikapu ya mtu mwingine, nayo ilikokota trela la mawe. Tairi lake moja la nyuma halikupasuka kwa mshindo, lilichubuka ngozi. Utepe wote wa meno ulibanduka, ukapiga bodi mara tatu nne, kisha ukaruka shambani. Gari likayumba. Trela, ambalo lilikuwa likilisukuma gari kwa kuwa tulikuwa tukitelemka, likatoka nyuma yake likaja ubavuni, likaifagia njia ya waendao kwa miguu mpaka likasimamishwa na ua wa michai. Watoto wa shule ya msingi walikuwa wamekwisha kupapita mahali hapo; tuliwaona kama hatua hamsini mbele, wamesimama wamegeuka. Dereva wa gari lile alishuka akakaa chini barabarani, hakusema neno. Baadaye tulipoliangalia tairi, meno yake yalikuwa mazuri.

Basi yale ya namba 3114 nayo yakarudi mahali pake.

Tulilochagua lilikuwa la tatu, na umbo lake halikumvutia mtu yeyote dukani. Liliandikwa 7.50R16, na mbele yake 116/114N. Maana yake nitakueleza. Namba 7.50 ni upana kwa inchi, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi pia. Herufi R hukuambia jinsi nyuzi zilivyolazwa ndani: zimepita moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo kama mbavu za ng'ombe, na chini ya meno zimefungwa mshipi wa chuma. Mtindo huo uliandikishwa na kampuni ya Michelin ya Ufaransa mwaka 1946. Penye kistari badala ya R, nyuzi hupishana mshazari, na tairi huwa gumu zaidi ubavuni lakini hupata joto upesi. Aina hizi mbili hazipaswi kamwe kufungwa katika ekseli moja. Namba 116 ni kilo 1,250 kwa tairi lililo peke yake. 114 ni kilo 1,180, kwa gari lenye matairi mawili mawili kila upande wa nyuma. Herufi N ni mwendo usiozidi kilometa 140 kwa saa, mwendo ambao pikapu yangu haijauota. Kwa hiyo juu ya kilo 1,000 zangu ilibaki akiba ya kilo 250 kwa kila gurudumu. Hiyo ndiyo akiba ya mtu anayefika kwenye shimo usiku.

Wembamba wake haukunisikitisha. Katika mchanga tairi pana ni bora, kwa kuwa huelea juu. Lakini udongo wetu wa masika aghalabu ni utelezi wa vidole vichache juu ya ardhi ngumu. Tairi jembamba huukata utelezi huo likaifikia ardhi, na pana huuparaza likawa kama mtu aliyevaa sahani miguuni. Kuhusu meno, tulitafuta ya wastani. Meno makubwa yenye mapengo mapana hujivua tope vizuri, ila yakienda lamini hunguruma, huisha upesi, na kushika kwake lami iliyolowa ni hafifu. Sisi robo tatu ya safari ni lami, na robo ya mwisho ndiyo tope. Kwa ile robo tunayo minyororo na subira.

Utauliza: je, kama fedha zingalitosha matairi mawili tu? Madereva wengi husema mapya yafungwe mbele, kwa kuwa usukani uko mbele. Mimi nasema nyuma, hasa kwa gari likokotalo. Tairi la mbele likiteleza, gari hukataa kukata kona, na dereva huhisi mapema mikononi. La nyuma likiteleza, mkia huondoka, na nyuma ya mkia wangu kuna kilo 900 zisizo na breki. Dereva wangu hakuafikiana nami katika hilo mpaka leo. Tulinunua manne, na ubishi wetu tukauacha bila mshindi.

Ufungaji nao una hatari yake, na sharti niitaje. Rimu za gari langu ni za mtindo wa zamani, zenye pete ya chuma inayobana tairi, na ndani huwamo tyubu. Pete hiyo ikikaa vibaya wakati wa kujaza upepo huruka kwa nguvu ya kuua mtu. Ukipita penye fundi anayejaza tairi la namna hiyo bila kulitia ndani ya kizimba cha chuma, usisimame kutazama. Tena tulinunua tyubu mpya pamoja na mikanda ya kuzilinda, kwa sababu tyubu kuukuu imekwisha kutanuka, na ikitiwa ndani ya tairi jipya hujikunja, na penye mkunjo ndipo itobokapo.

Matairi yalipokuwa yakifungwa nilizungumza na kijana wa duka habari za zamani, naye alistaajabu kusikia kwamba Kenya ilikuwa na kiwanda chake cha matairi. Kampuni ya Firestone East Africa iliundwa mwaka 1969, ikaendelea baadaye kwa jina la Sameer, na kiwanda chake cha Nairobi kikafungwa mwaka 2016. Kuna habari nyingine ya mpira iliyo nzito zaidi. Dunlop alitengeneza tairi lake la upepo kule Belfast mwaka 1888. Dunia ikautamani mpira ghafula, na katika nchi ya Kongo, iliyokuwa milki ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi mwaka 1908, watu walilazimishwa kwa mijeledi na bunduki kuutafuta msituni, na wengi mno walikufa. Wanaotengeneza matairi leo si wao. Hata hivyo siwezi kuinusa harufu ya tairi jipya bila kuwakumbuka wale.

Upepo ndio ubebao mzigo, wala si mpira. Tairi lenye upepo mdogo hukunjika na kukunjuka kila lizungukapo, na mkunjo huo huzaa joto, na joto ndilo huachanisha ngozi na mwili wa tairi. Sisi hupima asubuhi kabla gari halijaondoka. Kutoka baridi ya Nyamira ukatelemka mpaka joto la Kendu Bay kando ya ziwa, kipimo kitapanda, na madereva wengine hushuka wakapunguza upepo. Wasifanye hivyo. Tairi baridi la ratili 65 likipanda joto kwa nyuzi 10 za Selsiasi litaongezeka ratili karibu tatu, na hilo mtengenezaji alikwisha kulihesabu. Ukiutoa upepo huo ziwani, utarudi mlimani na tairi lililopungukiwa.

Tulimaliza kwa mashine yenyewe, ambayo watu wengi huisahau. Magurudumu yake mawili ni madogo. Huzunguka mara nyingi zaidi ya yale ya gari kwa mwendo ule ule, na hushinda kando ya zege na chokaa. Moja lilikuwa na nyufa, nikabadilisha yote mawili. Siku ya pili tulikwenda na mzigo mwepesi hadi Nyamira, tukapita Kebirigo, na ilipotimia kilometa 50 dereva akatoa spana, akakaza upya nati zote, moja moja kwa kuvuka upande wa pili. Mbili zilikubali kusogea.

Matairi ya zamani niliyapeleka kwa fundi wa akala. Alikata kipande kidogo katika kila moja. Yale mawili ya mbele yalikuwa ya nyuzi za nailoni, akayachukua kwa furaha. Yale ya nyuma yalikuwa na nyuzi za chuma, akaniambia, "Mwalimu, haya yatawachoma watu nyayo," akanirudishia. Yako nyuma ya nyumba sasa, yamejaa udongo, na mke wangu amepanda vitunguu ndani yake. Nimeyatoboa chini ili maji ya mvua yasituame yakazaa mbu.